Muuza Dawa, Niulize Kwanza Kama Nina Kisukari

Jamani, leo tuache siasa kidogo tuongelee miguu. Ndiyo, miguu! Hii hii tunayoikumbuka pale tu kiatu kinapobana au daladala inapotuacha. Najua kuna atakayesema "huyu naye kaishiwa mada". Subiri kwanza, soma mpaka mwisho, halafu tubishane.

Huku kwetu Ruhuwiko, na Songea yote kwa ujumla, kuna sentensi ambayo mtu akishaitamka hakuna anayeuliza swali la pili: "Fulani kakatwa mguu, ana sukari." Basi. Watu wanatikisa vichwa, wanasema "pole yake", na mazungumzo yanahamia kwenye bei ya mbolea. Kana kwamba kisukari chenyewe kina msumeno!

Mimi sentensi hiyo imenichosha. Kati ya kupimwa sukari na kulazwa kwenye meza ya upasuaji kuna safari ndefu. Kuna ganzi, kuna kidonda, kuna vimelea, kuna dawa iliyonunuliwa kwa kubahatisha, kuna wiki tatu za kusubiri. Kila kituo cha safari hiyo kina mlango wa kushukia. Tunachofanya ni kupita milango yote bila kuangalia, na tukifika mwisho tunasema ni sukari.

Hebu tuitazame safari yenyewe.

Tulikotoka na tulipo

Wapo wanaodhani kisukari ni ugonjwa wa wazee wenye vitambi na magari. Zamani takwimu zilikaribia kuwapa haki. Mwaka 1989 timu ya Dk. Donald McLarty wa Muhimbili ilichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya kupima watu wa vijijini katika Tanzania, na waliokuwa na kisukari hawakufika hata mmoja kati ya kila 100. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza ulikuta asilimia 9.1 ya watu wa umri wa miaka 25 hadi 64. Sawa, njia za kupima na maeneo yaliyopimwa hayakufanana, kwa hiyo huwezi kutoa namba moja kwenye nyingine kama hesabu za darasa la tatu. Lakini hata ukipunguza hapa na pale, mwelekeo unaonekana. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba Watanzania watu wazima wanaoishi na ugonjwa huu ni karibu milioni 2.9, na wengi wao hawajui kama wanao.

Hao wasiojua ndio wanaonitia hofu. Mtu asiyejua ana kisukari hawezi kujua kwamba kidonda chake si kidonda cha kawaida.

Mguu usiosema

Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka inaharibu mambo matatu ambayo mguu unayategemea. Kwanza mishipa ya fahamu: mguu unakufa ganzi. Pili mishipa ya damu: inabana, damu inafika kidoleni kidogo kidogo kama maji ya bomba ya mwezi wa kumi. Tatu askari wa mwili, zile chembe nyeupe za damu: zinakuwa wazito, zinachelewa kufika kwenye tukio.

Ganzi ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inaondoa kengele. Sisi wengine tukikanyaga mwiba tunapiga kelele, tunakaa chini, tunautoa. Mwenye ganzi anatembea nao mpaka shambani na kurudi. Kiatu kinamla kisigino siku nzima naye anaona sawa tu. Na hapa kwetu kuna jambo la ziada: ikifika Juni na Julai Songea inakuwa baridi kwelikweli, watu wanasogeza miguu kwenye moto wa kuni au jiko la mkaa. Mwenye ganzi hajui ni saa ngapi joto limegeuka kuwa kuungua.

Unadhani natia chumvi? Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam, akiwemo Dk. Zulfiqarali Abbas ambaye jina lake limezoeleka sana duniani kwenye habari za mguu wa kisukari, waliandika kuhusu wagonjwa waliong'atwa miguu na panya wakiwa wamelala. Mtu anaamka asubuhi na kukuta kidole kimeliwa, na usingizini hakusikia chochote. Kabla ya hapo, mwaka 2002, Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kilichapisha taarifa ya Dar es Salaam kuhusu wagonjwa wa kisukari ambao kidonda kidogo tu cha mkononi, pengine mkwaruzo au kuumwa na mdudu, kiligeuka maambukizi makubwa ya mkono mzima. Hapa hapa Tanzania, ndugu yangu, siyo kwenye sinema.

Sasa kidonda kimeshatokea, hakiumi, na hakiponi. Wahenga walikipa jina zamani: donda ndugu. Kinakaa na wewe kama ndugu asiyetaka kurudi kwao. Na kwa sababu hakiumi na hakiponi, maelezo yanaanza kutafutwa. Kuna atakayekuambia umekanyaga dawa ya watu. Kuna atakayekuletea majani ya kuponda. Siku zinakwenda.

Wageni wasioalikwa

Kidonda kilicho wazi ni mlango usio na kitasa. Bakteria wanaingia. Wa kwanza kubisha hodi kwa kawaida ni stafilokokasi, ambao wanaishi kwenye ngozi zetu wenyewe. Kidonda kikikaa muda mrefu, hasa kwenye nchi za joto kama zetu, wanaongezeka wengine wakorofi zaidi: pseudomonasi wanaopenda unyevunyevu, klebsiela, na E. coli wanaotoka tumboni. Ndani kabisa, mahali hewa isipofika, wanakaa wale wasiohitaji oksijeni, na hao ndio wanaoleta ile harufu inayowafanya wageni wakae mlangoni.

Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliwafuatilia wagonjwa 136 wenye vidonda vya miguu vya kisukari kati ya mwaka 2008 na 2010, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 2011. Karibu wote walipochukuliwa sampuli vimelea viliota maabara, na stafilokokasi ndio walioongoza. Kukatwa mguu au sehemu yake ndio upasuaji uliofanyika zaidi, kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa. Na kati ya kila 100, takriban 13 walifariki. Rudia kusoma hiyo sentensi. Hao ni watu walioingia hospitali na kidonda cha mguu!

Hapa ndipo dawa inapoingia, na kushindwa

Dunia imekuwa na penisilini tangu Alexander Fleming aione kwenye maabara yake London mwaka 1928. Alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945 huyo huyo Fleming alitoa onyo: mtu akitumia dozi ndogo isiyotosha kuua vimelea, atakuwa anavifundisha kuizoea dawa. Aliyasema hayo kabla hata babu zetu hawajaanza kudai Uhuru. Tumemsikia?

Usugu unafanya kazi hivi, na nitaeleza kiswahili cha kawaida. Bakteria kwenye kidonda ni mamilioni, na hawafanani. Wachache wamezaliwa na kinga dhidi ya dawa fulani. Ukimeza dawa siku mbili ukaacha, unaua wanyonge na kuwabakisha wababe. Wababe wanazaliana, na kizazi kipya chote ni cha wababe. Wengine wanatengeneza kimeng'enya kinachoikata dawa vipande kabla haijafanya kazi. Wengine wanaisukuma nje kama kondakta anavyomshusha abiria asiye na nauli. Ubaya zaidi ni kwamba wanapeana ujuzi. Klebsiela anaweza kumpa E. coli vinasaba vya usugu kama wanafunzi wanavyopeana majibu chini ya dawati.

Na kwenye mguu wa kisukari dawa ina kazi ngumu mara mbili. Inasafiri kwa damu, na damu yenyewe haifiki vizuri. Bakteria nao wakikaa muda mrefu wanajifunika utando wa ute unaowakinga. Kwa hiyo dawa inafika kidogo, mahali penye adui aliyejifunika, kisha mgonjwa anaacha dozi kwa sababu kidonda kimepungua harufu. Ukitaka kiwanda cha kutengeneza vimelea sugu, huwezi kubuni kizuri kuliko hicho.

Kwa dunia nzima, watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara iliumia vibaya. Hapa kwetu, utafiti wa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba watoto wenye maambukizi ya damu kutokana na bakteria wasiosikia dawa walikufa kwa wingi kuliko wenye bakteria wanaosikia. Huo ulikuwa utafiti wa watoto, siyo wa miguu, lakini vimelea hawana idara. Wakiwa sugu kwenye wodi moja, wodi ya pili iko mlango wa pili.

Turudi Ruvuma

Sasa nafika kwenye jambo ambalo vijana wengi wa mkoa huu hawalijui, na linatuhusu kuliko mikoa mingine yote.

Mwaka 2003 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya wakati ule, TFDA, ilianza majaribio ya Duka la Dawa Muhimu. Na majaribio hayo yalianzia wapi? Ruvuma! Hapa hapa. Kabla ya hapo kulikuwa na maduka ya dawa baridi ambayo kisheria yaliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti tu, lakini kila mtu alijua kilichokuwa kikiuzwa chini ya kaunta. Mpango mpya ukasema: tuwape wauzaji mafunzo, tuyakague maduka, tuwaruhusu kuuza orodha maalumu ya dawa za cheti, zikiwemo baadhi ya antibayotiki, ili mwananchi wa mbali asikose dawa. Ulifanikiwa kiasi cha kusambazwa Tanzania Bara, na Uganda na Liberia nao wakauiga.

Mimi ni mmoja wa wanaouheshimu mpango ule. Kabla hujawalaani wauza dawa, jiulize: mtu wa Ruhuwiko akiumwa saa mbili usiku aende wapi? Duka lipo karibu, halina foleni, mwenye duka anamjua kwa jina, na anaweza kumkopesha. Wanaosema "fungeni maduka yote" wanaongea wakiwa na kadi ya bima mfukoni.

Lakini mlango ule uliofunguliwa kwa nia njema ndio huo huo ambao dawa zinatokea holela. Sote tunayajua mazungumzo yake.

"Shikamoo mama, nina kidonda."
"Marahaba. Cha siku nyingi?"
"Wiki mbili hivi. Nipe zile za rangi mbili, za buku tu."

Mteja anaondoka na vidonge vya siku mbili. Vingine atavimeza, vingine atavifungua amwagie unga juu ya kidonda. Hakuna aliyemvua kiatu wala aliyemwuliza kama anakwenda haja ndogo mara kwa mara usiku, kama ana kiu isiyoisha, kama amepungua uzito. Baada ya wiki anarudi, anapewa kali zaidi. Baada ya wiki nyingine, kali zaidi ya hiyo. Siku anayofika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, au Peramiho kwa wamisionari, kidole kimeshakuwa cheusi na vimelea vimeshaonja karibu kila dawa iliyoko mtaani.

Nani mwenye kosa hapo? Muuzaji anataka mauzo, mteja ana buku moja, daktari anapokea jeneza la mguu. Kila mmoja ana sababu yake ya kueleweka, na mguu unakwenda.

Pendekezo langu

Ndugu wasomaji, mwandishi kulalamika bila kupendekeza ni sawa na mlevi kulaumu glasi. Haya ni yangu.

La kwanza ndilo kichwa cha makala hii. Ruvuma ilikuwa ya kwanza kwa Duka la Dawa Muhimu. Basi Ruvuma iwe ya kwanza kwa swali moja. Mtu yeyote mzima anayekuja dukani kutaka antibayotiki kwa ajili ya kidonda cha mguu aulizwe: "Una kisukari? Umewahi kupimwa?" Akisema ndiyo, au akisema hajui na kidonda kina zaidi ya wiki mbili, asiuziwe vidonge. Aandikiwe karatasi ya kumpeleka kituo cha afya, akapimwe sukari na mguu uangaliwe. Mashine ya kupima sukari kidoleni inatoa jibu ndani ya dakika moja. Hata duka lenyewe linaweza kufundishwa kuitumia. Sheria inayosema antibayotiki zitolewe kwa cheti ipo tayari. Ninachoomba ni ianze kufanya kazi mahali ambapo uzembe unagharimu kiungo.

Najua pingamizi. Mtasema muuzaji atapoteza mteja, mteja ataenda duka la pili. Ni kweli, kama duka moja tu litauliza. Ndiyo maana lazima liwe sharti la wote, na Baraza la Famasi likija kukagua liulize kuhusu hilo kama linavyouliza kuhusu leseni ukutani. Na mtasema mgonjwa hana nauli wala hela ya kituo cha afya. Hilo ni zito, silipuuzi. Lakini piga hesabu: dawa za kubahatisha mara nne au tano, nauli ya kwenda hospitali ukiwa mahututi, wiki kadhaa wodini na ndugu wa kukuletea chakula, kisha maisha ya mkulima asiye na mguu. Nani anasema njia ya dukani ni ya bei nafuu? Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kipimo cha sheria ile kwangu mimi kitakuwa rahisi sana: je, mkulima wa Ruhuwiko anaweza kusafishiwa na kufungiwa kidonda mara mbili kwa wiki bila kuuza mahindi ya chakula?

La pili: siyo kila kidonda kinahitaji antibayotiki. Hili linawashangaza watu. Mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari wa mwaka 2023 unasema wazi kwamba kidonda kisicho na dalili za maambukizi kisipewe antibayotiki. Kinahitaji kusafishwa, kuondolewa nyama iliyokufa, kufungwa vizuri, sukari kushushwa, na kubwa kuliko yote, kupunguziwa uzito, yaani mgonjwa asikikanyagie. Dalili za maambukizi ni uvimbe, joto, maumivu, wekundu na usaha. Zikiwepo mbili au zaidi, hapo ndipo dawa inapohitajika. Kwa ngozi zetu nyeusi huo "wekundu" hauonekani kama kwenye vitabu vya Wazungu: tafuta ngozi iliyokoza zaidi au yenye rangi ya zambarau, na iguse kama ni ya moto kuliko mguu wa pili.

La tatu: kuotesha. Kidonda kikiwa na maambukizi, sampuli ipelekwe maabara ioteshwe ili ijulikane ni mdudu gani na anasikia dawa ipi. Na isiwe ya kupangusa usaha wa juu juu tu, maana huko juu kuna kila mpita njia. Kipande kidogo cha nyama ya ndani ndicho kinachosema ukweli. Majibu yanachukua siku mbili tatu. Daktari anaweza kuanza na dawa ya makadirio, halafu abadilishe majibu yakija. Lakini kubadilisha dawa mara tatu bila kuotesha hata mara moja ni kupiga mishale gizani. Nchi ina mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Wa kwanza ulikuwa wa mwaka 2017 hadi 2022, na wa pili ni wa 2023 hadi 2028. Ni mipango mizuri kwenye karatasi. Ila maabara zetu nyingi zimesaidiwa na wafadhili, na mwaka 2025 Uingereza ilitangaza kuacha kuufadhili Mfuko wa Fleming, mmoja wa waliokuwa wakisaidia kazi hiyo. Je, tutaendelea kuotesha kwa hela yetu, au tutarudi kubahatisha?

La nne: vua viatu! Kila mgonjwa wa kisukari anayekwenda kliniki avuliwe viatu na soksi, na miguu iangaliwe mpaka katikati ya vidole. Haihitaji mashine ya mamilioni. Mwaka 2004 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo za mradi uitwao Step by Step, uliofundisha madaktari na wauguzi kwa jozi kuangalia na kutibu miguu, halafu nao wakawafundishe wenzao. Taarifa yake ya mwaka 2011 iliueleza kama mfano wa kuigwa na nchi zenye uwezo mdogo. Yaani wengine wanajifunza kwetu! Sisi tuliosomewa somo tumeliweka kabatini?

Na wewe kijana uliyefika mpaka hapa

Najua unachowaza. "Mimi nina miaka 26, nipo Dar, nakula chipsi mayai na soda, kisukari ni mambo ya baba." Sawa, ni ya baba. Basi tumzungumzie baba.

Wengi wetu tuliosomeshwa kwa mahindi na kahawa tunawasiliana na wazee kwa M-Pesa. Unatuma hela, anakupigia kushukuru, mnaulizana habari za mvua, mnakata simu. Kuanzia wiki hii ongeza swali moja: "Baba, miguu vipi? Kuna kidonda?" Akisema kipo kidogo tu lakini hakiumi, hilo neno "hakiumi" ndilo likutoe usingizi. Kwa mtu mwenye kisukari, kidonda kisichouma ni kibaya kuliko kinachouma. Ile hela uliyotuma ya dukani iwe nauli ya hospitali, na iwe kesho yake asubuhi, isisubiri Jumatatu ijayo.

Na ukienda likizo, fanya kipimo hiki kilichobuniwa na madaktari wa mji wa Ipswich, Uingereza, kisichohitaji kitu chochote zaidi ya kidole chako. Mzee afumbe macho. Gusa kwa wepesi sana, sekunde moja au mbili, ncha ya kidole gumba cha mguu, cha katikati na cha mwisho, mguu mmoja na kisha wa pili. Usisukume wala usipapase. Kila anapohisi aseme. Jumla ni sehemu sita. Akishindwa kuhisi mbili au zaidi, ana ganzi ya hatari, na anahitaji kliniki kabla ya kidonda kuja.

Mengine ni ya kawaida kabisa. Miguu ioshwe kila siku kwa maji yaliyopimwa joto kwa kiwiko, ikaushwe mpaka katikati ya vidole, ipakwe mafuta lakini siyo katikati ya vidole. Kiatu kikung'utwe kabla ya kuvaliwa, huenda kuna changarawe au msumari. Mwenye ganzi asiende shambani na kandambili wala yeboyebo, na asikate sugu kwa wembe. Miguu isiwekwe karibu na moto hata baridi ikizidi, soksi zinatosha.

Na tuliokula dawa ovyo kwa kila mafua, tuliowachanganyia kuku antibayotiki kwenye maji "wasije wakaugua", tunapunguza nguvu ya dawa ile ile itakayohitajika na mguu wa mzee mmoja. Vimelea havijali nani alianza. Dawa ni kama kisima cha kijiji: kila anayechota ovyo anawachafulia wote.

Kila Novemba tuna Siku ya Kisukari tarehe 14, na kuanzia tarehe 18 wiki ya dunia ya kuhamasisha kuhusu usugu wa dawa. Siku nne zinazitenganisha, na hotuba zake hazikutani kamwe. Mkutano wao upo kwenye unyayo wa mkulima. Wenye mamlaka Ruvuma wanaweza kuukutanisha kwa swali moja la kaunta, na hawahitaji kusubiri mfadhili wala semina ya hoteli.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, waliambiwa waliotutangulia. Mguu ukishakatwa, ndugu yangu, hakuna ukuta wa kujenga.

Haya, wauza dawa, manesi, madaktari, na nyie wenye wazazi wenye sukari: karibuni tujadili. Swali hilo linaulizika kwenye duka la mtaani kwenu au ninaota ndoto za mchana?

Naomba kuwasilisha.